Lundo la Mtemi Lutonja

Sogeeni. Aliye mlangoni aingie au atoke, asinikatishe katikati. Hadithi yangu ya leo ina swali mwishoni, na swali lenyewe halina huruma. Nimelibeba siku nyingi, na kila nikilisimulia hasira hunipanda upya. Leo nawatwisha ninyi. Mkishindwa, semeni mmeshindwa, msijifanye mnasinzia.

Katika nchi ya Busona walikuwapo ndugu wa tumbo moja, watoto wa mama mmoja aitwaye Milembe, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Kashinje, mwanamke. Kipaji chake kilikuwa ulimi. Kashinje akikuambia una njaa, unaisikia njaa hata kama umetoka kula sasa hivi. Sokoni aliweza kuondoka na kuku kwa bei ya yai, na mwenye kuku akabaki nyuma anamshukuru.

Wa pili alikuwa Mhoja, na kipaji chake kilikuwa mikono. Alipanga kuni, mawe, vyungu, chochote utakachompa. Lundo alilolipanga Mhoja halikuanguka hata mbuzi walipande. Na akitaka lianguke, lilianguka saa ileile aitakayo, upande uleule autakao.

Wa tatu alikuwa Luhende, na kipaji chake kilikuwa kutotikisika. Utotoni aliwahi kukaa juu ya njia ya siafu kwa sababu tu wenzake walimwambia hawezi. Walipokuja kumwondoa ndio waliokuwa wanalia, yeye katulia.

Wa nne alikuwa Limi, kitinda mimba. Alikuwa na kipaji gani? Hatujui. Alikufa kabla hakijajulikana, na hapo ndipo hadithi yangu inapoanzia.

Busona ilipakana na nchi ya Mwala, na kati yao palikuwa na uwanda wa chumvi. Chumvi ile ilitosha kila mtu. Narudia, ili asije mtu akaniuliza baadaye: ilitosha. Lakini mababu wa pande zote mbili, baada ya kuuana mpaka wakachoka, walikubaliana wasipigane tena. Wapimane tu. Kila mwaka baada ya mavuno, kila nchi ilibeba silaha zake zote mpaka uwandani na kuzirundika. Alasiri ikifika, watu wa Chumvini, wasio na silaha wala mtemi, walipima vivuli vya malundo yale mawili. Mwamuzi wao alichomeka kijiti pale kivuli kilipoishia. Nchi yenye kivuli kirefu ndiyo iliyotangulia kuchota chumvi mwaka mzima, na mtemi wake alitembea kifua mbele mpaka mwaka mwingine. Siku hiyo iliitwa Siku ya Malundo.

Mpango mzuri, sivyo? Hakuna damu, hakuna yatima. Ila angalieni kosa lao. Walipima kivuli. Hakuna aliyewahi kuuliza lundo lina nini ndani, wala limetoka nyumbani kwa nani.

Basi Mwala wakiongeza mikuki, Busona wanaongeza zaidi. Busona wakiongeza, Mwala hawapati usingizi. Wafua chuma wa nchi zote mbili wakasahau jinsi ya kufua kisu cha jikoni. Watu walijua urefu wa lundo la jirani kuliko walivyojua kilichomo ghalani mwao. Na mikuki yote hiyo, sikilizeni vizuri, haikuwahi kumchoma mtu hata mmoja.

Mwaka mmoja Busona wakashindwa. Kivuli cha Mwala kilipita cha kwao kwa upana wa kiganja. Mtemi Lutonja wa Busona alirudi nyumbani akihesabu nyumba za njiani. Kesho yake akatoa amri: kila nyumba itoe jembe lake, likaongeze lundo.

Mvua zilikuwa karibu. Askari wakafika kwa Mama Milembe.

“Mama, leta jembe.”

“Nitalimia nini, baba?”

“Nchi kwanza, mama. Mwala wanatuzidi.”

“Mwala wamekuja kunipiga?”

“Bado.”

“Na njaa je? Hiyo mtaipiga na nini?”

Askari akacheka. “Njaa haina mikuki, mama. Lete jembe.”

Mtu yule angekuwa amekaa hapa kati yenu ningemtemea mate, na msingenizuia. Alichomoa jembe, akamwachia Mama Milembe mpini. Jembe lenyewe lilikuwa na pengo pembeni, mahali lilipogonga jiwe mwaka aliozaliwa Limi. Lilikuwa limelisha watoto wanne na pengo lake hilohilo.

Mvua ikanyesha. Milembe na wanawe wakalima kwa vijiti. Jaribuni kulima kwa kijiti halafu mje mniambie. Ardhi ilifunguka juu juu tu, mbegu zikakaa karibu na jua, ndege wakala nyingine, na zilizobaki zikachipua zikanyauka. Mwaka ule Busona wakashinda. Kivuli chao kilifika mbali sana, watu wakaimba, na mgao wa chumvi ukaletwa mpaka mlangoni kwa Milembe. Chumvi nyingi, nyeupe, safi. Hakuwa na cha kuitia.

Limi akafa mwezi uliofuata. Mikuki ya Lutonja ilimuua bila hata mmoja kutoka kwenye lundo.

Mama Milembe hakulia mbele za watu. Baada ya kuzika aliutoa ule mpini mtupu, akauweka katikati ya nyumba, akawaambia watatu waliobaki: “Kuna watu watakuja kuniambia nisamehe. Ninyi msiwe miongoni mwao.” Kisha akaenda kuteka maji.

Kashinje aliushika mpini. Mhoja akaushika. Luhende akaushika. Hawakuapa kwa maneno, ila kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini.

Sasa mjue sheria moja ya mababu. Mtemi ambaye lundo lake litaanguka Siku ya Malundo kabla kijiti hakijachomekwa, huyo si mtemi tena. Anashushwa kwenye kigoda, na yule aliyeliangusha lundo anapewa neno. Neno ni adhabu. Atakachotamka ndicho kitakachomfika mtemi, kiwe kidogo au kikubwa, na hakuna wa kukipunguza. Lakini neno ni la kinywa kimoja tu. Vinywa viwili, walisema mababu, ni ugomvi, si hukumu. Na lazima litamkwe kabla kivuli cha fimbo ya mwamuzi hakijagusa kigoda. Kivuli kikigusa bila neno, mtemi anarudi kukaa.

Sheria hiyo ilikuwa haijawahi kutumika. Malundo hayaanguki yenyewe.

Kashinje ndiye aliyeanza. Alikwenda kuomba kazi ya upishi nyumbani kwa Lutonja, na kwa ulimi ule nani angemnyima? Akawa anampelekea Mtemi chakula kwa mikono miwili, anapiga goti, anacheka Mtemi akisema jambo la kuchekesha. Lutonja akampenda, akawa anamwita “binti yangu.” Kashinje alikuwa akiitika “naam, baba,” kisha anaingia jikoni na kung’ata kanga yake mpaka uchungu wa hasira umtoke mdomoni. Kijijini kwao watu walimwona amekwenda kumlamba miguu muuaji wa mdogo wake.

Siku moja akaweka ugali na nyama mbele ya Mtemi, akaguna kidogo.

“Una nini, binti yangu?”

“Hakuna, Mtemi wangu. Nimekutana na mtu katoka Mwala.”

“Kaona nini huko?”

“Aa, si neno. Kula kwanza, chakula kinapoa.”

“Sema!”

“Anasema lundo lao mwaka huu litalizidi la kwako kwa kimo cha mtu mzima. Lakini watu wa Mwala ni waongo, baba. Wewe kula.”

Lutonja hakula. Alisimama akazunguka chumba, akakaa, akasimama tena. Kesho yake askari wakatoka upya. Safari hii walichukua visu, sufuria za chuma, milango ya chuma ya maghala pamoja na bawaba zake, na kengele ya hatari iliyokuwa ikipigwa moto ukitokea. Vijiji vya mbali, ambavyo mara ya kwanza vilisahauliwa, sasa vikafikiwa, na majembe yao yakaondoka. Hata hivyo Mtemi alikuwa bado anahangaika.

“Binti yangu, unadhani vinatosha?”

“Mimi mpishi tu, baba, najua nini? Ila nawaza mikuki ya walinzi wako. Siku ya Malundo nani atakugusa? Macho yote yatakuwa kwenye lundo.”

Mikuki ya walinzi nayo ikaenda. Mtu aliyeogopa Mwala mchana na usiku alivua silaha za watu wake mwenyewe ili aonekane ana silaha nyingi. Lakini Kashinje alilipa. Tangu uongo ule ulipojulikana hakuna mtu Busona anayeliamini neno lake. Akisema “mvua inanyesha,” watu hutoka nje kuhakikisha. Ulimi ule umekufa.

Mhoja akafuata. Chuma kilikuwa kimejaa mpaka wapangaji wa Mtemi wakaogopa, wakasema kitawaangukia. Mhoja akajitokeza, akapanga kona moja mbele ya Lutonja, akaipanda, akaruka juu yake. Palepale akafanywa mkuu wa wapangaji.

Akalipanga lundo siku nyingi. Kwa nje lilikuwa zuri ajabu, mikuki imesimama safu kwa safu, ngao zimepangwa zinamwelekea mtazamaji. Kwa ndani aliacha tundu la mtu mmoja kukaa. Kila kipande alikiegemeza kwenye kingine, na kingine kwenye kingine, mpaka uzito wote wa Busona ukashuka chini na kulalia jembe moja tu. Alilitafuta kwenye rundo la majembe yaliyokusanywa, akiyapapasa moja moja, mpaka kidole chake kikaingia kwenye lile pengo. Akakaa chini, akaliweka mapajani.

Alipokuwa akiliweka mahali pake, mlango wa chuma wa ghala uliteleza ukambana vidole vya mikono yote miwili. Askari walikuwa upande wa pili. Angepiga kelele wangekuja, wakaliona tundu. Mhoja hakupiga kelele. Aliuinua mlango kwa kichwa na mabega, akavitoa vidole vilivyokuwa vimesagika, akamalizia kazi kwa viwiko, damu akaifuta kwa vumbi. Mikono ile leo haiwezi kupanga hata vijiko.

Luhende akamaliza. Alfajiri ya Siku ya Malundo aliingia ndani ya tundu, Mhoja akaziba nyuma yake kwa ngao. Jua likatoka. Mnajua chuma kikiwa juani kinakuwaje? Sasa kaeni ndani ya kilima cha chuma, jua lipande mpaka utosini, mkono umeshika jembe, na msisogee, maana mkuki mmoja ukitikisika walinzi watachungulia. Luhende alikuwa anasikia ngoma, anasikia watu wakipita wanasifu urefu wa lundo, anasikia hata mate yake yakikauka. Ngozi ya mgongo wake ilishikana na ubapa wa panga, akaiacha ishikane.

Hakutakiwa kuvuta mapema, kwa sababu watu wa Busona wangelipanga upya. Hakutakiwa kuchelewa, kwa sababu kijiti kingechomekwa na sheria ingepita. Alikuwa anangoja kigelegele cha dada yake.

Alasiri ikafika. Mwamuzi wa Chumvini alikuwa Nshoma, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi. Akapima kivuli cha Mwala, akachomeka kijiti. Akageukia lundo la Busona. Kivuli chake kilikuwa kimekipita kile cha Mwala kwa mbali sana, watu wa Busona wameanza kuruka, na Lutonja kwenye kigoda chake amefumba macho kwa raha. Nshoma akainama na kijiti mkononi.

Kashinje akapiga kigelegele.

Luhende akavuta.

Kwanza palikuwa na mlio mdogo wa chuma kimoja kugusa kingine. Halafu lundo lote likajikunja katikati, likashuka, na kelele zake zikasikika mpaka vijijini. Vumbi likapanda. Vumbi lilipotulia, nchi mbili nzima zikaona kilichokuwa nyuma ya ile mikuki mizuri. Majembe, majembe, majembe. Sufuria. Visu vya kumenyea. Bawaba. Kengele ya moto ilikuwa bado inabingirika, inalia.

“Upepo!” akapiga kelele Lutonja. “Ni upepo!”

Nshoma akamtazama kichwani. “Upepo gani? Manyoya ya taji lako hayajatikisika.”

Mtemi akawaita walinzi. Walinzi walikuwapo, mikono mitupu. Mmoja wao, nasikia, aliangalia viganja vyake kisha akamwangalia Mtemi, halafu akaenda zake kwenye chuma kumtafutia mkewe sufuria yao. Baada ya hapo hakuna aliyezuilika. Watu walipanda juu ya lile lundo lililoanguka wakilia na kuitana: “Jembe langu hili!” “Kisu cha mama!” Na upande wa pili wa uwanda, mwanamke mmoja wa Mwala aliyekuwa amesimama akitazama yote haya alitembea polepole mpaka kwenye lundo la kwao, akaondoa ngao moja ya mbele, akachungulia ndani. Akatoa sufuria. Mtemi wa Mwala akamwamuru arudi nyuma. Hakurudi.

Wachimbaji wa majembe ndio waliomfukua Luhende. Mlango wa ghala ulikuwa umemkinga. Alitoka amebabuka mgongo mzima, jembe lenye pengo mkononi, na mwili wake ulikuwa unatetemeka. Bado unatetemeka hadi leo. Yule aliyekaa juu ya siafu sasa hawezi kushika kikombe cha uji bila kukimwaga.

Lutonja akashushwa chini, akakalishwa kwenye vumbi. Kigoda kikabaki wazi. Nshoma akachomeka fimbo yake ardhini, kivuli chake kikalala kuelekea kigodani.

“Nani ameliangusha?” akauliza. “Aje atamke neno.”

“Mimi nimelivuta,” akasema Luhende.

“Mimi nimelipanga,” akasema Mhoja.

“Mimi nimelijaza,” akasema Kashinje, “na mimi nimewanyang’anya walinzi wake mikuki. Bila hivyo mngekuwa mmekwisha kuchomwa wote.”

“Kinywa kimoja,” akasema Nshoma.

Wangekuwa wanataka adhabu moja, ningewaambia mwende mkalale. Lakini sivyo. Luhende alitaka Lutonja azikwe palepale chini ya chuma chake, akiwa hai, asikie anachosikia mtu aliyemo ndani ya lundo. Mhoja alitaka apewe kijiti alime mashamba yote ya Busona, shamba kwa shamba, mpaka afe akilima. Kashinje alitaka afungiwe ndani ya ghala lililojaa chumvi, apewe chumvi asubuhi na jioni, wala asipewe kingine.

“Kulima?” Luhende akamgeukia kaka yake. “Limi amelala chini, huyu aendelee kuota jua?”

“Wewe unataka afe upesi,” Mhoja akajibu. “Mdogo wetu hakufa upesi.”

“Nyamazeni nyote,” akasema Kashinje. “Mimi ndiye niliyemwita baba. Hakuna kati yenu aliyepata kovu kama hilo.”

Mama Milembe akaja na ule mpini. Watu wakampisha, wakamwomba achague mmoja wa wanawe. Akawaangalia watatu hao, mmoja hana vidole, mmoja hatulii, mmoja haaminiki.

“Nimezaa wanne,” akasema. “Nikichagua mmoja leo, nitarudi nyumbani na mtoto mmoja. Siwezi. Lakini mmoja wenu aseme, tena upesi. Nataka nisikie kwa masikio yangu.”

Kivuli kikasogea.

Hapo ndipo mwanamke mmoja aliposhuka kutoka juu ya majembe. Jina lake Kabula, wa vijiji vya mbali, vile vilivyofikiwa mara ya pili. Alikuwa ameshika jembe kwa mkono mmoja, na mgongoni alikuwa amejifunga kanga ya kubebea mtoto. Kanga ilikuwa haina mtoto.

“Neno ni langu,” akasema.

“Wewe umefanya nini?” akauliza Luhende.

“Nimetoa jembe. Nyumbani kwetu lilikuwa bado lipo. Askari hawakuwa wametufikia. Walikuja baada ya Mtemi kuambiwa kwamba Mwala wamezidi kwa kimo cha mtu.” Akamtazama Kashinje. “Nasikia ni wewe uliyemwambia. Kimo hicho mlichokiongeza kimejengwa kwa majembe ya kwetu. Bila hayo, kaka yako angepata wapi uzito wa kuegemeza?”

Akaigusa ile kanga tupu mgongoni.

“Mwanangu nimemzika kabla ya mavuno,” akasema Kabula. “Nipeni neno. Na nikipewa, nitataja watu wawili.”

Mhoja alisimama mbele ya dada yake, na mikono yake iliyosagika akainyoosha. Lakini Kashinje akampita.

“Nilijua,” akasema. “Nilijua watakwenda kuchukua na kwingine. Nilisema moyoni, nitakuja kuwaomba radhi nikimaliza.”

“Basi umemaliza,” akasema Kabula.

Wengine wakapiga kelele kwamba Kabula ana haki kuliko wote, kwa kuwa yeye hakuchagua kutoa, na waliochagua wamejilipa kwa kuona lundo linaanguka. Wengine wakasema haiwezekani aliyenyang’anywa ahesabiwe sawa na aliyejitoa vidole. Watu wa Mwala nao wakaingilia. Mtemi wao akasema kwa sauti ya upole kwamba ingekuwa heri Lutonja arudishwe tu, mambo ya watemi yasichezewe na wapishi, na wakati anasema hivyo alikuwa anaangalia lundo lake mwenyewe, ambalo wanawake sita sasa walikuwa wanalichokonoa.

Na Lutonja? Lutonja aliomba maji, akaletewa. Akanywa taratibu, akajipangusa vumbi magotini. Aliutazama umbali uliobaki kati ya kivuli na kigoda, kisha akawatazama ndugu wale watatu na yule mwanamke mwenye kanga tupu, wanavyonyosheana vidole na wengine hawana.

“Endeleeni tu, wanangu,” akasema. “Mimi sina haraka.”

Nami hapo ndipo ninapowaachia. Msiniulize ilikwishaje. Kinachonila ni hiki: kila mmoja wa watu hao alimchukia kwa haki yake, na kila mmoja alimwangusha, na chuki zao zilikuwa nyingi mno kupita katika kinywa kimoja. Usiniambie wote wapewe, sheria umeisikia. Usiniambie asamehewe, nenda kamwambie Milembe.

Bila ulimi, walinzi wangekuwa na mikuki. Bila mikono, lundo lisingeanguka. Bila aliyekaa ndani ya moto bila kutikisika, wakati ungepita. Na bila jembe la Kabula, kusingekuwa na lundo la kuangusha.

Je, wewe ungeamua vipi? Neno umpe nani? Sema, lakini sema upesi, maana kivuli kinakaribia kugusa mguu wa kigoda, na Lutonja ameshaanza kuinuka.